Boya la Tenki: Jinsi Linavyolinda Maji ya Kijiji

Mji wa Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikijui. Hata hivyo, ifikapo Septemba na Oktoba, huweza kuonekana tenki la kijiji kimoja likimwaga maji usiku kucha huku wakazi wa kijiji kilicho chini yake wakiamka alfajiri kwenda mtoni. Lawama huelekezwa kwenye kiangazi, kwenye chanzo, au kwa kamati ya maji. Pengine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingine kisa chote kimo ndani ya kitu kimoja chenye ukubwa wa chungwa au wa bakuli, kilichojificha chini ya mfuniko wa tenki ambao haujafunguliwa tangu mradi ukabidhiwe. Kitu hicho ni boya.

Mafundi wengi huliita floti. Lipo katika tangi dogo la choo cha kuvuta, katika tenki la plastiki lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba, katika matenki ya saruji ya miradi ya maji, na hata ndani ya kabureta ya pikipiki. Kazi yake popote lilipo ni moja: kutambua kimo cha kimiminika, kisha kufungua au kufunga kitu kulingana na kimo hicho, bila mtu kusimama hapo na kutazama.

Kanuni inayoliendesha ilielezwa na Archimedes wa Sirakuza katika karne ya 3 kabla ya Kristo: kitu kilichozama majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo boya la mviringo lenye upana wa sentimita 15, ambalo ujazo wake ni karibu lita 1.8, likizama nusu husukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 0.9. Nguvu hiyo ni ndogo, wala haitoshi kuzuia maji yanayoshuka kutoka mlimani. Ndipo mkono wa chuma unapoingia kazini. Boya hufungwa kwenye ncha ya mkono wenye urefu wa sentimita 30, na mkono huo husukuma kizibo kilicho umbali wa sentimita 3 tu kutoka kwenye pini yake. Uwiano ni 10 kwa 1, nayo kilo 0.9 hugeuka kuwa nguvu ya karibu kilo 9 juu ya kizibo. Ni wenzo ule ule ambao kila mtu aliyewahi kung'oa kisiki kwa mtaimbo anaufahamu.

Je, kilo 9 zinatosha? Jibu hutegemea mambo mawili, nayo ni upana wa tundu la maji na msukumo uliomo ndani ya bomba. Katika nchi tambarare swali hili halimsumbui mtu. Rungwe linasumbua sana.

Sehemu kubwa ya miradi ya maji ya wilaya hii ni ya mserereko. Maji hutoka kwenye chemchemi na vijito vya milimani, nayo hushuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu wala umeme. Ni neema ambayo wilaya nyingi zingeitamani. Lakini kila mita 10 za mteremko huongeza msukumo wa takriban kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba ya bomba. Kutoka Tukuyu hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela, nchi hushuka kwa zaidi ya mita 1,000. Hakuna bomba la kawaida la plastiki linaloweza kubeba mteremko wa namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Hata mita 100 tu hutoa msukumo wa kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba, ambao ndio ukomo wa mabomba mengi yanayouzwa madukani.

Sasa hesabu irudi kwenye koki ya boya. Tundu lenye upana wa milimita 6 lina eneo la karibu sentimita ya mraba 0.28. Chini ya mteremko wa mita 100, maji hulisukuma kwa nguvu isiyofikia kilo 3. Boya letu la kilo 9 hulifunga bila shida. Lakini tundu likiwa la milimita 12, eneo lake huwa mara nne, na msukumo wa maji hupanda hadi zaidi ya kilo 11. Hapo boya limeshindwa. Halijaharibika na wala si bovu. Limepewa kazi isiyo ya kimo chake. Mwananchi hununua lingine la aina ile ile, nalo hushindwa vile vile, naye huamini kwamba maboya ya siku hizi ni ya kughushi. Jambo la kuzingatia ni kwamba msukumo huwa mkubwa zaidi usiku, wakati vituo vyote vya kuchotea vimefungwa na maji yametulia ndani ya bomba. Ndiyo maana koki iliyoonekana nzima mchana huweza kukutwa imemwaga maji hadi asubuhi.

Tenki la kuvunja msukumo

Wahandisi hulitatua tatizo la mteremko kwa kujenga matenki madogo njiani. Wapita njia wengi huyaona yale masanduku ya saruji mashambani, katikati ya migomba au chai, wakadhani ni matenki ya kuhifadhia maji yaliyojengwa kwa ubahili. Sivyo. Maji yakiingia humo hukutana na hewa, na msukumo wote uliojikusanya tangu juu hupotea. Yakitoka upande wa pili huanza safari upya kama maji yaliyotoka chanzoni. Tenki hilo lina jukumu la kuvunja msukumo, nalo ndilo linaloyaokoa mabomba ya vijiji vya chini yasipasuke.

Ndani yake huwa na koki ya boya. Wakazi wa chini wanapofunga mabomba yao, maji hujaa ndani ya tenki, boya hupanda, koki hufunga, na maji hubaki kwenye bomba la juu ambako wengine wanaweza kuyatumia. Wakazi wa chini wanapofungua, kimo hushuka, boya huteremka nalo hufungua. Kwa namna hiyo vijiji viwili ambavyo pengine havijawahi kukaa kikao kimoja hugawana maji kila saa kwa uamuzi wa boya.

Mpango huo huvunjika kwa urahisi. Boya linapokaribia kufunga, maji huingia kwa uchache, na mtu asiyejua huona kwamba kifaa hicho "kinayabana maji". Basi huning'iniza jiwe kwenye boya ili lisipande, au hulikata kabisa na kuiacha koki wazi. Siku mbili tatu za kwanza hufurahi, kwa maana tenki lake limejaa pomoni. Asichokiona ni bomba la kupunguzia maji lililo upande wa pili wa tenki, ambalo kuanzia saa hiyo humwaga korongoni bila kukoma.

Kiasi kinachopotea kinaweza kupimwa kwa ndoo na saa. Ikiwa bomba la kupunguzia linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 10, mtiririko ambao kwa macho huonekana kama mchirizi tu, basi linamwaga lita 120 kwa saa, yaani lita 2,880 kwa siku. Hizo ni ndoo 144. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Kwa kiwango hicho, mchirizi ule ni mgao wa watu 115. Katika masika hakuna atakayeona pengo lake. Katika Oktoba, chemchemi inapotoa sehemu tu ya maji yake, watu hao 115 wapo, wana majina, na wanapanga foleni.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, inahesabu uharibifu wa miundombinu ya maji kuwa kosa. Ni sawa iwe hivyo. Hata hivyo, uzoefu wa miradi mingi ni kwamba anayetundika jiwe kwenye boya mara nyingi si mhalifu. Ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kazi ya kile kidude.

Boya linapowasha na kuzima umeme

Palipo na pampu, boya haliwezi kufunga maji kwa kizibo peke yake, maana pampu itaendelea kusukuma. Hapo hutumiwa swichi ya boya. Aina iliyo ya kawaida zaidi ni ganda la plastiki lisiloingiza maji, lenye umbo la yai au la tufaha, lililoning'inizwa kwa waya wake. Ndani ya ganda mna gololi ya chuma na swichi ndogo. Maji yakipanda, ganda huelea na kuinamia upande mmoja. Gololi hubingirika na kuibonyeza swichi. Maji yakishuka, ganda huning'inia kichwa chini, gololi hurudi, na swichi huachia. Swichi za zamani zilitumia tone la zebaki mahali pa gololi. Zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unalenga kuiondoa katika vifaa vya namna hiyo. Anayekuta swichi ya zamani yenye zebaki asiipasue wala asiitupe kisimani au shambani.

Aina ya pili ni ndogo, nayo hutumiwa pale pasipo na nafasi. Boya lenye sumaku hupanda na kushuka kwenye mrija uliosimama wima. Ndani ya mrija mna vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa katika kioo, na sumaku ikivikaribia hugusana na kuupitisha umeme. Swichi hiyo ya kioo ilibuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood wa maabara za Bell nchini Marekani. Madereva wa daladala zinazopanda na kushuka barabara ya Mbeya hadi Kyela huifahamu kwa matokeo yake: katika magari mengi, ile taa nyekundu inayowaka mafuta ya breki yanapopungua huwashwa na boya la aina hii.

Swichi ya boya yaweza kufungwa kwa namna mbili zinazopingana, na kuzichanganya ni kosa linalogharimu pampu. Katika tenki la juu, swichi inapaswa kuwasha pampu maji yanaposhuka na kuizima yanapojaa. Katika kisima au tenki la chini linalovutwa maji, inapaswa kufanya kinyume chake, yaani kuizima pampu maji yanapopungua, ili isizunguke mikavu. Pampu ya kuzama hupozwa na maji yaliyoizunguka, na maji hayo hayo hulainisha mihuri yake. Ikiachwa bila maji hupata moto na kuharibika katika muda mfupi. Mpangilio ulio salama ni kuwa na swichi mbili, moja juu na moja chini, na pampu ifanye kazi pale tu ambapo zote mbili zimeridhia.

Jambo jingine ambalo mafundi huharakisha kulipita ni urefu wa waya unaoachwa huru kati ya ganda na uzito wa kulishikilia. Urefu huo ndio unaoamua tofauti ya kimo kati ya kuwasha na kuzima. Chukua tenki la lita 5,000 lenye upana wa mita 1.8 na pampu inayotoa lita 5,000 kwa saa. Swichi ikigeuka kila maji yanaposhuka sentimita 10, pampu itarudisha lita zipatazo 250 tu, kazi ya dakika tatu, kisha izime, iwake tena, izime tena. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikiwa katika mwendo, na kila mwanzo huipasha moto. Waya ukirefushwa ili tofauti iwe sentimita 60, pampu itafanya kazi kwa dakika 18 mfululizo na kupumzika kwa muda mrefu. Maji ni yale yale, lakini umri wa mota si ule ule.

Visima virefu vilivyochimbwa kwa mtambo havitumii swichi hizi, kwa sababu bomba lake ni jembamba na ganda halina nafasi ya kugeuka. Humo huteremshwa vijiti vya chuma vinavyotambua maji kwa kupitisha umeme mdogo. Na pale ambapo tenki liko kilimani mbali na pampu, haina haja kutandaza waya mrefu shambani: koki ya kawaida ya boya hufungwa kwenye tenki, nayo ikifunga, msukumo hupanda ndani ya bomba, na swichi ya msukumo iliyo karibu na pampu huzima mota.

Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230, na hapa unapelekwa ndani ya maji. Ganda lililopasuka au waya uliochunika unaweza kuua anayechota au anayeosha tenki. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na pampu yoyote kubwa iwe na kisanduku chake cha kuongozea, ili swichi ya boya ipitishe umeme mdogo tu wa amri wala si ule mzito wa mota. Kabla ya kuingiza mkono katika tenki lenye swichi hiyo, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Kuuzima kwa kulinyanyua boya hakutoshi, maana kile kile kilichouzima ndicho kinachoweza kuuwasha.

Mbali na tenki la maji

Matumizi ya boya hayaishii hapo. Katika kabureta ya bodaboda mna boya dogo linalosukuma sindano na kuuzuia mlango wa petroli. Linapotoboka au sindano inapokwama, petroli hudondoka chini ya injini na mwenye pikipiki hulalamikia ulaji wa mafuta. Katika boila za mvuke, zikiwemo zile zinazotumika kukaushia chai viwandani, swichi ya boya hulinda uhai wa watu, kwa maana boila inayowaka moto huku maji yake yamepungua inaweza kulipuka. Wapimaji wa mito duniani walitumia boya ndani ya kisima kidogo kando ya mto, likivuta kalamu iliyochora kimo cha maji kwenye karatasi usiku na mchana.

Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao Rungwe haina uhaba wao, boya lina faida isiyotajwa sana. Ng'ombe anayekamuliwa huweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, naye hunywa vizuri zaidi akipata maji wakati wowote autakao mwili wake kuliko akiletewa ndoo asubuhi na jioni. Birika la kunyweshea lenye koki ndogo ya boya, iliyokingwa kwa kipande cha ubao ili mnyama asiichezee, hujaa lenyewe usiku kucha. Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, na mfugaji atauona mabadiliko kwenye ndoo ya kukamulia.

Boya halihitaji matunzo mengi, ila linahitaji kutazamwa. Mfuniko wa tenki ufunguliwe walau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, kwa kuwa mvua kubwa huleta mchanga na majani yanayokwama kwenye kizibo. Boya litikiswe: likisikika maji ndani, limetoboka na litazama taratibu hadi koki ishindwe kufunga. Mpira wa kizibo ukiwa na mfereji katikati, ubadilishwe. Ndio unaochakaa kwanza, na bei yake ni ndogo kuliko ya koki nzima. Mabomba ya nyumba yakigonga usiku, kisababishi huweza kuwa mawimbi yanayolipandisha na kulishusha boya tenki linapokaribia kujaa. Kipande cha bomba kikiongezwa kwenye mdomo wa koki ili maji yashukie pembeni kwa utulivu, kishindo hicho mara nyingi hukoma. Na anayenunua koki mpya amweleze muuzaji kama maji yake yanatoka kwenye mnara wa mita tatu au kwenye bomba linaloshuka mlimani, kwa sababu koki za msukumo mdogo na za msukumo mkubwa huweza kufanana kwa sura, tofauti yao ikiwa upana wa tundu.

Kwa tenki la mradi wa kijiji, mwananchi hatakiwi kurekebisha boya mwenyewe. Akiona bomba la kupunguzia likimwaga maji wakati si wa mvua, atoe taarifa kwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii kinachosimamia mradi huo, au kwa mwenyekiti wa kitongoji ili aifikishe, akitaja tenki lilipo na, ikiwezekana, dakika ambazo ndoo ya lita 20 ilichukua kujaa. Kipimo hicho kimoja humwezesha fundi kujua kama anapaswa kubeba mpira wa kizibo, boya, au koki nzima, asije akapanda mlima mara mbili.